Maagizo ya Kumeza

Jambo zima lilitugharimu fedha ya mikungu ishirini na miwili ya ndizi na jogoo mmoja mwekundu. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara ya pili hesabu imetoka ileile. Hapo ndipo hasira inapoanzia.

Mama yangu anaishi Lufingo, mimi naishi Tukuyu mjini. Kazi yangu ni ndizi: nazinunua shambani, nazikusanya, nawapakilia wanunuzi wa Mbeya na Dar es Salaam. Ni kazi inayomfundisha mtu kutoamini. Mikungu mizuri hupangwa juu ya shehena, iliyobondeka hujificha chini, na anayekuuzia anakutazama wewe machoni wakati wewe unazitazama ndizi. Kwa hiyo nikisema nilimshuku yule muuza dawa wa mama kabla sijamwona, msidhani nina kipaji. Huwa namshuku kila mtu, na mara nyingine napatia.

Mama aliugua kifua msimu wa baridi. Dawa za hospitali alizimaliza, kikohozi kikaisha, lakini mwili haukurudi. Mwanamke aliyekuwa akipanda kilima na ndoo ya maji kichwani huku akigombana na mtu aliye ng'ambo ya bonde, sasa alikuwa akishika ukuta kutoka kitandani hadi jikoni. Mikono ilikwisha nyama. Pete ya ndoa ilianza kuzunguka kidoleni, akaivua, akaifunga kwenye pindo la kanga. Daktari alimwambia ale vizuri, naye akamjibu kwamba anakula vizuri sana. Nilipochunguza, kula vizuri kwenyewe kulikuwa chai ya rangi asubuhi, ndizi mchana, na jioni ndizi zilizobaki mchana. Ng'ombe anaye na anakamuliwa, ila maziwa yote yanakwenda kituo cha kukusanyia. Kuku wanataga, mayai yanakwenda dukani. Nikimwambia anywe maziwa yake mwenyewe, ananiambia maziwa ni ya watoto wadogo na ya kituo, na yeye si mmojawapo.

Nilikuwa na hofu ambayo sikuisema kwa mtu. Baridi nyingine ikimkuta na mikono ile, haimwachi.

Ndipo akanipigia simu nimtumie fedha ya dawa. Sauti ilikuwa na furaha, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka, maana mama haongei kwa furaha kuhusu kutoa fedha. Nilituma, nikidhani ni dawa ya hospitali. Jumamosi nilipopanda bodaboda kwenda kumwona, nikaikuta boksi kwenye kidirisha cha jikoni, juu kidogo ya mafiga, imeshaanza kushika moshi.

Alinieleza alivyoipata. Baada ya ibada, akina mama wakiwa bado uani, alisimama mtu aliyejitambulisha kuwa mshauri wa lishe. Amevaa tai na viatu vinavyong'aa. Mimi nikauliza viatu vilikuwa vinang'aa vipi Lufingo mvua ikinyesha, mama akasema niache ujinga nisikilize. Mtu yule alikuwa na picha kubwa ya utepe uliojikunjakunja, akawaambia kwamba hiyo inaitwa RNA, na ndiyo inayoupa mwili maagizo ya kutengeneza protini, na protini ndiyo nyama ya mtu, damu ya mtu, hadi kucha.

"Mwili wako haujakosa chakula, mama," alimwambia. "Umekosa maagizo. Uzee umeyafuta."

Vidonge vile vilikuwa na maagizo ndani. Mama alimwalika nyumbani, akamchinjia jogoo, kwa sababu mgeni aliyekuletea uhai humpi chai tupu. Mgeni akala, akaeleza masharti: kila kidonge kishushwe na glasi ya maziwa, asubuhi na yai, jioni na maharage, bila hivyo RNA haifanyi kazi. Akasema pia kwamba dozi kamili ni boksi tatu. Mbili zilizobaki angezileta mwenyewe.

"Na hizo mbili utazilipa na nini?" nilimuuliza.

Mama akatazama bandani.

Hapo inabidi nieleze kuhusu yule ndama. Kule kwetu akina mama wana utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba, unamtunza, maziwa unakunywa au unauza upendavyo, lakini ndama jike wa kwanza si wako. Ni wa mwenzako anayefuata, na kila mtu anamjua huyo mwenzako tangu ndama akiwa tumboni. Aliyekuwa akifuata baada ya mama ni jirani yake mjane. Alikuwa ameshajenga banda, ameshapanda mabingobingo ya kumlishia, na kila asubuhi alipita kumsalimu ndama kabla hajamsalimu mama. Ndama akiwa amebakiza wiki chache kuachishwa, mama alitaka kumuuza anunue RNA, kisha jirani alipwe ndama mwingine, kama atazaliwa, kama atakuwa jike, kama Mungu akipenda. Mimi nafanya biashara. "Kama" tatu katika ahadi moja sizipokei hata kwa mtu niliyezaliwa naye.

Nilirudi mjini nimeshaamua kwamba RNA ni jina la kubuni. Mpangaji wangu wa chumba cha uani anafundisha Baiolojia sekondari, nikamsubiri kibarazani ili anithibitishie.

"Mwalimu, hii RNA ni kitu cha kweli au cha kampuni?"

"Ni cha kweli, mama. Unayo wewe, ninayo mimi, na ule mgomba pale unayo."

Jibu halikunifurahisha. Uongo mtupu ni rahisi kuutupa. Kazi ipo kwa uongo uliopakiwa na ukweli juu yake, huo lazima ushushe shehena nzima. Nikamwambia basi anieleze, na nikamtahadharisha kwamba kodi ya chumba haipungui. Alisema hajaomba ipungue. Nikaliweka hilo moyoni, kwa sababu mtu anayekufundisha bure ana lake.

Alichukua kamba za mgomba ninazofungia mizigo, zile kavu. Akasokota mbili pamoja zikawa kamba ngumu. Hiyo, alisema, ni DNA: nyuzi mbili zilizosokotana, na juu yake yameandikwa maagizo yote ya mwili. Inakaa ndani ya kiini cha seli na haitoki, kama hati ya shamba inavyokaa sandukuni. Kisha akachana uzi mmoja mwembamba akauachia mezani, ukajikunja wenyewe. Hiyo ni RNA. Uzi mmoja tu, nakala ya kipande kimoja cha maagizo, inayotoka nje ya kiini kupeleka habari pale protini zinapotengenezwa. Kwa kuwa haina mwenzake wa kusokotana naye, hujishika yenyewe kwa yenyewe, na kila mkunjo una kazi yake. Tena sukari iliyoko kwenye uti wake ina oksijeni moja zaidi ya ile ya DNA. Ni tofauti ndogo, lakini ndiyo inayoifanya ikatike upesi. Imeumbwa isidumu.

"Nakala isiyodumu," nikamwambia. "Sokoni tunawajua watu wa namna hiyo."

"Ingedumu, mama, mwili ungeendelea kutengeneza kitu ambacho hakihitajiki tena."

Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Mnunuzi wangu wa Dar hajawahi kukanyaga ghalani kwangu. Hutuma oda, mimi nawasomea wapakiaji, na lori likishajaa oda ile haina kazi. Mwaka mmoja mpakiaji alipakia kwa oda ya juma lililopita, na ndizi zile zilioza zikiwa na mimi.

Mwalimu akaona nimeelewa, akaendelea kwa lugha ya soko. Maandishi ya RNA yana herufi nne tu: A, U, G na C. Husomwa tatu tatu, na kila tatu ni jina la mzigo mmoja. Pale pa kusomea panaitwa ribosomu, nayo kwa sehemu kubwa imejengwa kwa RNA vilevile. Wabebaji nao ni RNA, fupi, zilizokunjwa. Upande mmoja wameshika mzigo, upande wa pili wana herufi tatu zinazooana na zile za oda, A kwa U, G kwa C. Asiyeoana na oda hapokelewi. Mizigo yenyewe ni asidi amino, aina ishirini. Inapangwa mmoja baada ya mwingine kama oda inavyosema, inashikana, mnyororo unajikunja, na hiyo ndiyo protini.

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Herufi nne zikipangwa tatu tatu, nne mara nne mara nne, ni maneno sitini na manne.

"Mwalimu, maneno sitini na manne, mizigo ishirini. Arobaini na nne yameenda wapi?"

Akasema matatu ni ya kuagiza kazi isimame, na yaliyobaki yanagawana, mzigo mmoja waweza kuitwa kwa majina mawili, manne, hata sita. Nikasema afadhali, maana nilishaanza kuhisi kuna dalali katikati.

Siku tatu baadaye nilimtega. Nilimkuta anafua, nikamwambia, "Juzi uliniambia RNA ni nyuzi mbili, siyo?"

"Uzi mmoja, mama. Na juzi nilisema uzi mmoja."

Muuzaji mwongo hukubali unachosema ili biashara iende. Huyu alinipinga huku mikono ina povu. Nikavuta kigoda nikamuuliza swali lenyewe: mtu akiimeza inakuwaje?

"Jana ulikula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Basi ulikula RNA ya mgomba na RNA ya maharage. Umeota majani?"

Akanieleza kwamba kila kitu kilichokuwa hai kina RNA, na tumbo haliisomi, linaimeng'enya. Vimeng'enya vinaikatakata vipande vidogo, na oda iliyokatwa herufi moja moja haiagizi kitu. Mimi nikamtajia chanjo za RNA zilizosemwa sana wakati wa korona, nikidhani nimembana. Akasema zile hazimezwi. Zinachomwa sindano, RNA imefunikwa mafuta maalumu ili isikatwe kabla haijaingia kwenye seli, na zinatunzwa kwenye baridi kali kuliko ya friji yangu. Tena zinabeba oda moja inayojulikana, ya protini moja. Nikakumbuka boksi ya mama juu ya mafiga.

"Kwa hiyo mama yangu amekosa nini?"

"Maagizo anayo. Seli zake zinayanakili kila wakati, hata akilala. Nadhani amekosa mizigo. Asidi amino nyingine mwili haujitengenezei, lazima zitoke kwenye chakula. Mayai, maziwa, maharage."

Ndivyo vitu hasa ambavyo yule mtu wa tai alimwamuru mama ale.

Na mama alikuwa anapata nafuu. Sikuwa nimelisema hilo kwa mwalimu, na nilikuwa nalikwepa hata mwenyewe. Nilipokwenda tena Lufingo alinipokea amesimama nje, hakushika ukuta. Ameosha vyombo mwenyewe. Mashavu yalikuwa yameanza kujaa, na alikuwa amemgombeza mtu wa kituo cha maziwa mpaka yule bwana akaomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Kila asubuhi kidonge, glasi ya maziwa, yai. Jioni kidonge, glasi, maharage. Maziwa yalikuwa yanafanya kazi, kidonge kinapokea shukrani. Nilimweleza hivyo, taratibu, na kamba za mgomba nilizichukua nikamsokotea kama mwalimu alivyonisokotea.

Alisikiliza hadi mwisho. "Wewe miaka yote umenipa maneno," akasema. "Yule kanipa nguvu."

Mshauri wa lishe alifika siku hiyohiyo mchana, boksi mbili mkononi, viatu kweli vinang'aa. Gari alikuwa ameliacha barabarani, na viatu vya tope vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilimsifu moyoni, maana ni mtu wa mpango. Jirani mjane alikuwa bandani kwetu anampa ndama majani, na alijifanya hasikii.

Nilimuuliza vidonge vyake vinaagiza protini gani. Akasema zote. Nikamuuliza oda moja inaagizaje kila kitu, akaniambia hiyo ni teknolojia, mama, ni vigumu kueleza. Nikamuuliza RNA inayokatika upesi imekaaje miezi ndani ya boksi juu ya moshi. Akacheka, akamgeukia mama.

"Mama yangu, wewe unajisikiaje?"

"Vizuri, tata. Ndaga," akamshukuru kwa Kinyakyusa, akimwita baba.

Akanigeukia tena, akafungua mikono. Kwa hoja alikuwa amenishinda, katika nyumba ya mama yangu mwenyewe, na ushahidi wake ulikuwa mama mwenyewe akiwa amesimama wima.

Kwa hiyo niliacha sayansi nikarudi kwenye kazi yangu. Nikamuuliza bei. Akataja, na ilikuwa bei ya ndama, karibu kabisa. Nikaikata nusu.

Mtu aliyenunua mali yake, ukimkata nusu anaumia. Wakulima wa ndizi ninaowakata bei wananitajia ada za watoto, wananionyesha viganja, wengine wananiuliza kama nina mama. Hata anayeigiza, anaigiza maumivu. Huyu alitazama simu yake kidogo akasema sawa, kwa ajili ya bibi. Nikakata nusu ya nusu. Akasema ngoja aongee na ofisi, akasogea pembeni akaweka simu sikioni, na kioo cha simu kilikuwa cheusi. Akarudi akasema ofisi imekubali. Mama alikuwa amekaa na kikombe chake, ananitazama mimi, kisha anamtazama yule, kisha mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha soko. Nilikuwa nimekaa mgongoni kwake wakati akiuza maharage.

"Basi tusisumbuane," nikasema. "Boksi zote mbili, nikupe mkungu mmoja wa ndizi. Ule pale ukutani."

Mshauri wa lishe akaugeukia mkungu. Akautazama vizuri.

"Ni mzuzu au malindi?" akauliza.

Mama akaweka kikombe chini. Kule bandani jirani alikuwa ameacha kukata majani.

"Mwanangu," mama akasema, bila kupandisha sauti, "mimi mkungu wa kumlishia ng'ombe nabishania kuliko hivi. Huyu anatoa maagizo ya uhai na kwanza anauliza aina ya ndizi?" Kisha akamwambia yule mtu, kwa heshima yote, "Chukua vitu vyako, tata. Tena uende salama, njia inateleza."

Aliondoka. Hakugombana, hata hakukunja uso, na hilo pia liliniambia kitu. Ndama alikwenda kwa jirani siku ilipofika, akina mama wakaimba, jirani akampaka mama mafuta kichwani na kulia, nami nilichinja jogoo mwingine, ambaye simhesabu kwa sababu alikuwa wa furaha. Nilirudi Tukuyu nikijiona mtu mwenye akili. Mwalimu nilimwambia kodi yake ya mwezi ule ingesubiri hadi tarehe yoyote. Akasema afadhali, alikuwa anataka kuniomba ruhusa ya kuweka tangi la maji uani. Nilijua tu ana lake.

Ziara iliyofuata nilimkuta mama anakunywa chai ya rangi.

Nikamuuliza maziwa yako wapi. Kituo. Mayai? Dukani. Maharage ameweka ya mbegu. Nikadhani ni siku moja tu, nikamkumbusha kwamba vidonge ndivyo vilivyokuwa vya uongo, maziwa yalikuwa ya kweli. Akanitazama kama ninavyowatazama watu wanaoniambia mkungu wa chini ni sawa na wa juu.

"Glasi ilikuwa ya yule," akasema. "Yai lilikuwa la yule. Ulinifundisha mwenyewe kwamba ni tapeli, sasa unataka nibakize nusu ya utapeli wake?"

Nilimleta mwalimu Lufingo, na kamba zake za mgomba. Mama alimkaribisha, akamsikiliza, akamuuliza anauza nini. Mwalimu akasema hauzi kitu. Baada ya mgeni kusindikizwa, mama aliniambia kwamba asiyeuza kitu hazunguki kwenye nyumba za watu. Nilimweleza daktari wa mjini, naye alimwandikia kwenye karatasi: maziwa, mayai, maharage. Mama aliisoma, akasema hata huyu amefika na orodha ileile, na wote lazima wanatoka kampuni moja.

Nimefikia hatua ya kumtafuta yule mshauri wa lishe, nimnunulie mama hata boksi moja ili glasi irudi mezani. Simu yake haipatikani. Na hata angepatikana, mama hawezi tena kununua kwake, nimeshaiharibu bei.

Juma lililopita nilimkuta ameshika ukuta. Nilijifanya sijaona, naye alijifanya anaupangusa. Baridi haiko mbali, na ninyi wa milimani mnaijua baridi yetu. Kwa hiyo nawauliza wenzangu mliolea wazazi wakaidi, mlio karibu na mlio mbali: mtu uliyemfundisha kukataa shehena nzima, unamwambiaje kwamba humo ndani kulikuwa na chakula chake? Nishaurini. Nitasikiliza hata ushauri wa bure.